Uzi Uliovuka Gugu-maji

Otonglo, Kisumu
Jumapili, baada ya kutoka kanisani

Baba mpendwa,

Nianze na macho yako. Wairimu aliniandikia kwamba daktari amekubali kuondoa utando wa jicho la kulia, lakini hakusema ni lini. Umepata siku? Nani atakupeleka? Na Mama, goti lake linamruhusu kushuka mtoni au bado anamtuma mtu? Mimi hapa ni mzima. Malaria iliyoniangusha mwezi uliopita imekwisha, imebaki tu ile njaa ya mtu aliyepona, nakula kama mchimba mitaro.

Najua ni dada yangu anayekusomea. Wairimu, nakuomba usiruke mistari. Barua iliyopita uliruka, Baba aliniuliza mambo niliyokuwa nimeyaandika waziwazi. Ukifika mahali pa waya na betri ndipo usome polepole zaidi, maana hapo mzee atataka kusikia kila neno.

Baba, kuna jambo lilitokea Jumamosi ya wiki iliyopita. Nimekaa nalo siku nane. Nikishika redio ya mtu kuitengeneza, najikuta nimesimamisha mkono na natazama tu ukutani. Nimeona afadhali nikuandikie wewe, kwa sababu wewe umeshinda maisha yako yote ukitengeneza saa, vitu vidogo vinavyotembea vyenyewe.

Kuna mzee anaitwa Mwalimu Oduor. Ni mrefu, mwembamba, anavaa koti hata jua likiwaka. Alifundisha fizikia miaka mingi, sasa amestaafu anakaa kwao Seme, chini ya Kombewa, nyumba yake inatazama ziwa. Ana binti mmoja ambaye ni nesi ng'ambo. Huyo binti alimtumia zawadi: ndege. Si ya kupandwa na mtu, Baba. Ni ndege ya kuchezea, lakini usiwaze vile vya watoto. Mabawa yake yakinyooshwa ni marefu kuliko mimi. Mwili ni wa mbao nyepesi sana, umefunikwa karatasi ya plastiki nyeupe iliyokazwa kama ngozi ya ngoma. Haitumii petroli. Ina mota ya umeme ndogo kama chupa ya wino, na betri ya kuchaji, na inaendeshwa kwa rimoti yenye vijiti viwili. Mtu anasimama chini, ndege iko juu, hakuna waya wowote kati yao.

Alikuja nayo kibandani kwangu mapema wiki ile, ameifunga kwenye baiskeli kama mgonjwa.

"Nyar Nyeri," akaniambia. Ndivyo wanavyoniita hapa, maana yake binti wa Nyeri. "Hii kitu imekataa. Mkia unasikia, mabawa yanasikia, lakini mota haisikii. Nimesukuma kijiti mpaka kidole kimechoka."

Nikamwambia sijawahi kuona kitu kama hicho.

"Hata mimi sikuwa nimeona," akasema. "Lakini wewe unafungua redio za watu kila siku. Hii ni redio tu, yenye mabawa."

Basi nikaifungua. Baba, ndani yake kuna kisanduku kimoja kidogo, kinatosha juu ya vidole viwili. Wanakiita kontrola. Betri inaingia upande mmoja, mota inatokea upande wa pili, na katikati kuna waya mwembamba unaoleta amri kutoka kwa rimoti. Kazi yake ni kuamua mota ipewe umeme kiasi gani. Mota ikiunganishwa na betri moja kwa moja itazunguka kwa nguvu zote mpaka betri iishe. Utaelewa nikikwambia hivi: ni kama kile chuma chenye meno mawili kwenye saa, kinachoizuia springi isifunguke yote mara moja. Bila hicho huna saa, una springi tu. Nilipokielewa hivyo, nilikiweka mezani nikakitazama muda mrefu. Hakina gurudumu, hakina jino, hakuna kinachosogea, na bado kinafanya kazi ile ile.

Nikafuata sheria yako ya kushuku kimoja kimoja. Nikapima betri kwa mita, ilikuwa nzima. Nikaunganisha mota na betri kwa waya mbili, ikazunguka ikapeperusha makaratasi yangu. Kwa hiyo mota nzima. Nikachukua kile kimota cha kusukuma mkia, nikakichomeka mahali ambapo kontrola huchukua amri, nikasukuma kijiti, kikatikisika. Kwa hiyo amri inafika. Nikafuata ule waya mwembamba kwa kucha, pole pole, mpaka nikahisi mahali panapolegea karibu na plagi. Ndani ya plastiki waya ulikuwa umekatika, nje hauonekani. Nilifurahi, Baba! Nikaukata, nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikafunika. Nikawasha.

Kimya.

Nikakichunguza kile kisanduku kwa kile kioo cha jicho ulichonipa. Hakuna palipoungua, hakuna harufu. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kibao, ameshika kofia. Nikamwuliza, "Ilianza kukataa lini?"

"Mwezi huu tu."

"Ilikuja na karatasi ya maelezo?"

Akasema karatasi iko nyumbani, ndani ya sanduku la bati pamoja na barua za binti yake. Tukapatana airudishe ndege nyumbani, nami niende kwake Jumamosi nikaisome, na vyombo vyangu nibebe. Kwa kweli sikuwa na matumaini. Nilikuwa nakwenda kwa sababu sikutaka kumwambia mzee yule kwamba zawadi ya mtoto wake imekufa.

Sasa nikueleze habari ya ziwa, maana wewe hujaliona tangu mmea huu ulipoingia. Unaitwa gugu-maji. Una majani mviringo yanayong'aa na ua la zambarau zuri sana, ukiliona utasema lipandwe kanisani. Lakini gugu hilo linaelea, na linazaana kwa namna isiyoelezeka. Mimea inashikana mizizi mpaka inakuwa kama zulia, halafu kama kisiwa, halafu kama shamba. Upepo ukivuma shamba zima linahama. Leo unaamka unaona maji, kesho unaamka mahali palipokuwa na maji pana majani mpaka jicho linapoishia. Mashua haziwezi kupita. Injini ikijaribu, propela inajisokota mizizi inazima. Na mtu hawezi kutembea juu yake, atazama, miguu ifungwe huko chini.

Jumamosi hiyo nilipofika kwa Mwalimu asubuhi, hakuwa nyumbani. Mkewe akanionyesha ufuoni kwa mkono. Nikashuka. Watu walikuwa wamejaa, nafikiri kijiji kizima. Wamesimama wanatazama kule ndani, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Mbele yetu kulikuwa na kijani tupu. Mbali kidogo, umbali wa viwanja viwili vya mpira hivi, kulikuwa na mashua katikati ya majani kama imeegeshwa shambani. Ilikuwa na watu tisa. Mwalimu alinieleza: ilitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kendu, jana yake mchana. Walipokaribia kufika upepo uligeuka, gugu likaja kutoka pande zote mbili likawafungia. Wakalala humo. Na miongoni mwao kulikuwa na mwanamke anaitwa Achieng', mjamzito, aliyekuwa akija kujifungulia kwa mama yake ili awe karibu na hospitali ya Kombewa. Uchungu ulikuwa umemshika alfajiri, kabla ya wakati wake. Mwenye mashua alikuwa amepaza sauti akasema mtoto ametanguliza mkono.

Wairimu, hapo mweleze Mama. Yeye atajua maana yake.

Wanaume walikuwa wamejaribu. Mmoja wao, mvuvi anaitwa Ouma, alikuwa amefungwa kamba kiunoni akaingia na mti mrefu. Hatua ishirini, akazama mpaka shingoni, wakamvuta kwa nguvu akiwa amekunywa maji. Alikuwa ameketi pale, bado anatapika, miguu yake ina michirizi ya mizizi. Kamba walikuwa nayo nyingi, ndefu ya kutosha. Lakini nani ataifikisha? Hakuna mkono wa kurusha kamba mbali hivyo.

Mama yake Achieng' anaitwa Mama Peresi. Alikuwa ameketi mchangani, amenyoosha miguu, amekumbatia beseni lililokuwa na nguo safi za mtoto. Hakuwa akilia. Mwalimu alikuwa ametoka nyumbani mbio akiwa ameshika ile ndege mkononi. Alikuwa akinisubiri akiitayarisha, alipoitwa akasahau kuiweka chini. Sasa amesimama nayo pale katikati ya msiba kama mtu aliyekuja na ngoma kwenye matanga, naye ameona haya.

Mama Peresi akaitazama ile ndege. Akaitazama kwa muda. Halafu akauliza kitu kwa Kijaluo, sauti ndogo.

Mwalimu akanigeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Anauliza, inaweza kubeba uzi?"

Baba, mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, Mwalimu amefundisha fizikia maisha yake yote, na wavuvi wale wanajua ziwa kuliko mifuko yao. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewaza hivyo. Ukifikisha uzi mwembamba wa nailoni, uzi utavuta kamba ndogo. Kamba ndogo itavuta kamba kubwa. Kamba kubwa itavuta mashua.

"Ingeweza," Mwalimu akasema. "Lakini haifanyi kazi."

Akaniambia hivyo akinitazama mimi. Na watu wote wakanitazama.

Ouma akasema kwa sauti iliyokauka, "Mwalimu, huu si wakati ya michezo. Na huyu mama wa redio atatupotezea saa."

"Saa unaitumia kufanya nini wewe?" Mwalimu akamjibu.

Tukapiga magoti hapo hapo kwenye nyasi. Mkewe Mwalimu alikuja mbio na lile sanduku la bati, akamwaga barua zote chini mpaka karatasi ikapatikana. Ilikuwa ya Kiingereza, maandishi madogo kama mbegu za wimbi. Mikono yangu ilitetemeka, karatasi inapiga kelele. Nikasoma: kabla ya kukubali kufanya kazi, kontrola lazima kwanza ione kijiti cha mwendo kiko chini kabisa, kimepumzika. Ikiwashwa wakati kijiti kiko juu, haitatoa umeme hata kidogo, ili propela isimkate mtu aliyeishika. Itanyamaza mpaka izimwe, iwashwe tena ikute mkono umetulia.

Nikasoma tena. Niliona ajabu, Baba. Mtu fulani, sijui wa nchi gani, alikaa akafikiria mikono ya watu asiowajua. Akakifundisha kisanduku kisicho na masikio kuwasubiri watulie.

"Lakini kijiti kiko chini," Mwalimu akasema. "Tazama. Mimi kila mara nakiweka chini."

Ni kweli kilikuwa chini. Nikawasha, kimya. Nikazima, nikawasha, kimya. Kule ndani ya majani sauti ya mwanamke ikapaa, ndefu, halafu ikakatika. Mama Peresi hakugeuza kichwa.

Nikashika ile rimoti nikaigeuza nyuma. Ilikuwa na jina tofauti na lile lililoandikwa kwenye risiva, kile kinachopokea amri ndani ya ndege. Nikamwuliza, "Mwalimu, hii rimoti ilikuja pamoja na ndege?"

"Hapana. Ile ya kwanza ilianguka kwenye baiskeli ikapasuka. Hii niliazimwa na rafiki yangu pale mjini. Nilihamisha kristali tu, kile kipande cha kupanga masafa. Rimoti zenyewe zinafanana."

"Uliazimwa lini?"

"Mwezi huu," akasema.

Hapo nikaona yote kwa mara moja, kama vile unavyofungua saa ukaona unywele mmoja umelalia gurudumu. Mkia unafuata amri ya rimoti yoyote, ukigeuka kinyume utaona mwenyewe. Lakini katika rimoti hii, kile ambacho kiwanda kimoja huita chini, kiwanda kingine huita juu. Mzee alikuwa akiweka kijiti chini kwa adabu kila siku, na kisanduku kilikuwa kikiona mtu amesukuma nguvu zote. Kilikuwa kinakataa ili kisimkate. Mwezi mzima kilikuwa kinamlinda, na sisi tukasema kimekufa.

"Mwalimu, shika ndege, propela itazame ziwa. Usiilegeze."

Nikasukuma kijiti juu kabisa. Nikaunganisha betri.

Pii, pii.

Sauti ndogo tu, Baba, kama kifaranga ndani ya yai. Nikateremsha kijiti kidogo sana na propela ikageuka upepo, nyasi zikalala. Watu wakarudi nyuma hatua moja wote pamoja. Nikarudisha kijiti, nikazima. Nyuma ya rimoti kuna kifuniko, na ndani yake vijiswichi vidogo vya kugeuza upande. Nikakigeuza kile cha mwendo kwa ncha ya bisibisi, nikaweka kijiti chini kama Mwalimu alivyozoea, nikawasha upya. Pii, pii. Nikasukuma juu, mota ikaimba.

Sikuona nilipoanza kulia. Mkewe Mwalimu ndiye aliyenifuta uso kwa leso yake.

Sasa kazi ikawa ya wavuvi. Ouma aliinuka. Alileta uzi wa nailoni wa ndoano, mwembamba lakini mtu mzima hawezi kuukata kwa mikono. Wakaufunga chini ya tumbo la ndege, ulipo uzito wake, wakaukunja ndani ya karai. Mwalimu akashika rimoti. Mimi nikapewa kuirusha. Upepo ulikuwa ukitoka ziwani unatupiga usoni, Mwalimu akasema ni vizuri, ndege hupanda ikikabili upepo. Nikakimbia hatua nne nikaiachia.

Ilipanda! Kisha uzi ukajisokota ndani ya karai, karai likaruka, na ndege ikavutwa shingo kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Ikaanguka kwenye majani karibu na ukingo. Ouma akaivuta kwa ule uzi wenyewe. Propela ilikuwa imevunjika ubawa mmoja. Mwalimu alikuwa na nyingine moja tu, mfukoni mwa koti, nikaifunga. Na betri, akasema, imebakisha safari moja, haifiki mbili.

"Karai ni ya wanawake," Ouma akasema. "Uzi haukunjwi hivyo. Ngojeni."

Akaanza kuutandika juu ya nyasi, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kila mstari kando ya mwingine bila kugusana, kama vile wanavyotandika nyavu zao. Alichukua muda wake. Kila mtu alitaka kumwambia aharakishe na hakuna aliyethubutu. Alikuwa akitembea kwa magoti, anatetemeka bado kwa maji aliyokunywa, vidole vyake vikubwa vinaweka ule uzi chini kama anayelaza mtoto. Watu wakasogezwa mbali. Mtu mmoja aliyekuwa na viatu akavivua, sijui kwa nini, na wengine wakavua.

Mwalimu aliniambia pole pole, "Sitairudisha. Nikiigeuza, uzi utajifunga. Nitaipitisha juu yao na kuiacha iende ianguke huko mbele."

"Na zawadi ya binti yako?"

"Yeye ni nesi," akasema.

Nikairusha mara ya pili.

Baba, nitakwambiaje? Uliniambia wakati fulani kwamba ulipofungua saa ya kwanza ulisikia kama umeingia chumba ambacho Mungu anafanyia kazi. Nilikuelewa siku hiyo. Ndege nyeupe ilikwenda juu ya kijani, haina sauti kubwa, kama nyuki tu, na nyuma yake uzi ukawa unainuka kutoka kwenye nyasi mstari mmoja baada ya mwingine, bila kugusana, kila mmoja unangoja zamu yake. Jua liliupiga ule uzi ukang'aa. Kutoka pale tuliposimama, mbele ya watu wote wale, mstari mmoja wa mwanga ukawa unakua kuelekea kwenye mashua. Nilimsikia mtu nyuma yangu anasema Nyasaye, Nyasaye, jina la Mungu kwa lugha yao, si kwa kuomba, kwa kutaja tu. Mwalimu hakupepesa macho. Vidole gumba vyake viwili vilikuwa vinasogea kiasi cha punje ya mchele.

Ikafika juu ya mashua, ikapita. Mwalimu akashusha kijiti. Mota ikanyamaza na ndege ikateleza mbele peke yake, ikashuka, ikalala juu ya majani kule mbali kama korongo. Uzi ukaanguka taratibu. Mwanamume mmoja katika mashua alisimama ameinua mikono yote miwili hewani, anapapasa, anapapasa, kama kipofu. Kisha mikono ikafumba juu ya uzi.

Kelele iliyotoka ufuoni hapo, nadhani mliisikia huko Nyeri.

Yaliyofuata yalikuwa ya jasho. Wale wa mashuani walivuta uzi, ukaleta kamba ya nyavu, ikakwama mara mbili kwenye majani ikanasuliwa kwa kutikiswa. Kamba ya nyavu ikaleta kamba nene. Wakaifunga puani mwa mashua, na huku sisi tukaishika. Watu wangapi sijui. Wanawake, wazee, mwenye duka aliyefunga duka lake, mimi nikiwa kati ya mke wa Mwalimu na Ouma. Ouma aliimba, tukavuta kwa wimbo. Kule mbele wale wa mashuani walikata mizizi kwa panga. Mashua ilisogea urefu wa mkono, ikasimama. Tena urefu wa mkono. Gugu lilikuwa linajikunja mbele yake kama zulia. Viganja vyangu vilichunika na sikujua mpaka jioni. Jua lilikuwa limepita utosi tulipoona uso wa Achieng'. Alikuwa amelala juu ya mifuko ya turubai na midomo yake ilikuwa myeupe. Mfanyabiashara wa omena, dagaa wa huku, alikuwa ameleta pikapu yake mpaka ndani ya mchanga. Wakampandisha, Mama Peresi akapanda na lile beseni, na gari likaondoka kuelekea Kombewa.

Sisi tuliobaki tulikaa chini hapo hapo. Hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Ilipofika saa kumi pikapu ikarudi, na dereva akasimama kabla hajafika akatoa kichwa dirishani. Walimfanyia upasuaji. Mama mzima. Mtoto mzima, msichana, mkono wake ule uliotangulia umevimba lakini anausogeza.

Ouma akanijia. Alisimama mbele yangu akikuna shingo. "Nyar Nyeri," akasema, "ile maneno nilisema asubuhi."

"Sikuyasikia," nikamwambia.

"Uliyasikia," akasema. "Lakini asante." Kisha akaondoka kwenda kukunja kamba zake.

Kuhusu ndege, asubuhi ya pili upepo uligeuka na shamba lote la gugu likang'oka likaanza kurudi ndani ya ziwa. Mwalimu aliiona kutoka barazani kwake, nukta nyeupe imekaa juu ya kisiwa, inakwenda. Alisema alitoa koti lake akasimama wima mpaka haikuonekana tena. Amemwandikia binti yake. Alinionyesha barua hiyo, ina mistari mitatu tu.

Nilifikiri hapo mambo yamekwisha. Lakini juzi, Ijumaa, nilikuwa kibandani nikachungulia nikaona Mama Peresi anashuka kando ya barabara. Alikuwa peke yake, amevaa nguo ya kanisani, amebeba redio ndogo ndani ya lile beseni. Akaiweka mezani kwangu. Nikaiwasha, ikaimba vizuri. Nikazungusha stesheni, zote safi. Nikapima betri, mpya. Nikamwita mama anayeuza nyanya jirani yangu anitafsirie, nikasema, "Mwambie redio yake haina ubaya wowote."

Akaambiwa. Akatikisa kichwa kwamba anajua. Akakaa kwenye kibao. Alikaa mpaka jioni, Baba, akinitazama nikifanya kazi, hasinzii. Nilipoanza kufunga vyombo aliinuka, akanyoosha mikono akaichukua yangu yote miwili. Akaigeuza viganja juu. Akavitazama vidonda vya kamba vilivyoanza kukauka, akatazama alama za kuunguzwa na risasi ya kuunga waya, kidole kwa kidole, bila haraka. Kisha akasema maneno machache, akabeba beseni lake akavuka barabara.

Nikamwuliza mama wa nyanya, "Amesema nini?"

"Amesema alikuja tu kuiona mikono yako ikiwa imetulia."

Mpe Mama salamu zangu, na umwambie sabuni ya kipande aliyonituma nitampelekea nikipata mtu anayekuja huko. Msalimie Mjomba Gathogo anayetuchungia kahawa, na Nyanya, ambaye najua atauliza kama huku tunakula samaki wenye macho. Mwambieni ndiyo, na macho tunakula. Msalimieni pia shemeji yangu, mume wa Wairimu, na watoto wao wawili. Wewe Baba, siku ya kwenda hospitali ikijulikana niandikiwe mara moja, nitafunga kibanda nije nikushike mkono.

Ni mimi binti yako,
Wangui